Mtoto Alikuwa na Faili, Nyumba Haikuwa Nayo: Kisa cha Nyumba ya Malezi Lubumbashi

Kuhusu kisa hiki

Mambo haya yametokea Lubumbashi. Majina yote yameondolewa, komini (sehemu ya mji) haitajwi, mwaka nimeuacha makusudi, na vitu vidogo vichache vimebadilishwa ili asipatikane mtu wa kumnyooshea kijana kidole barabarani. Nilikuwa mmoja wa watu wa chama kilichoendesha nyumba ya malezi inayosimuliwa hapa, kwa hiyo sehemu ya makosa utakayosoma ni yetu wenyewe. Nimeandika kwa ajili ya maasista sosyali (watumishi wa ustawi wa jamii), wasaidizi wa sheria, wazazi walezi na watumishi wa serikali ambao kesho au keshokutwa watakabidhiwa mtoto kwa amri ya tribinali (mahakama) na kuulizwa swali moja: atalala wapi?

Sheria inasema nini, na nyumba zinatoka wapi

Katika nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mtoto aliyetenda kosa hahukumiwi kama mtu mzima. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto ndiyo iliyoanzisha tribinali za watoto, ikachukua nafasi ya dekreti ya wakoloni ya mwaka 1950 juu ya watoto wahalifu. Aliye chini ya miaka 14 anahesabiwa kuwa hawezi kubebeshwa kosa, na hapo hakuna ubishi. Aliyefika 14 lakini hajatimiza 18 anakwenda mbele ya hakimu wa watoto, milango ikiwa imefungwa, akiwa na mwanasheria wa kumtetea. Hakimu huyo anachagua njia ya kumlea. Anaweza kumkaripia na kumrudisha kwa wazazi, kumweka kwa mume na mke wenye mwenendo mwema, kumweka katika shirika la kijamii lenye kibali cha serikali, au kumpeleka katika kituo cha serikali cha ulinzi na malezi. Anaweza pia kubadilisha uamuzi wake wakati wowote akiona hali ya mtoto imebadilika. Shika hilo la mwisho, maana ndilo lililookoa kisa hiki.

Neno la kulitazama vizuri ni kibali. Serikali inakitoa kwa shirika. Inaangalia katiba ya chama, majina ya viongozi, mpango wa kazi, fedha zinatoka wapi. Paa ambalo watoto watalala chini yake linaonwa siku ya ukaguzi tu, kama vile lingekuwa kiti au meza ya shirika.

Na paa lina historia yake. Tangu mwaka 1952 hadi karibu na uhuru, Ofisi ya Miji ya Waafrika, ile ambayo wazee wetu bado wanaiita OCA, ilijenga mitaa mizima ya nyumba za watu wa kipato kidogo: Bagira kule Bukavu, Matete kule Kinshasa, Rwashi hapa kwetu. Makampuni ya migodi na ya reli nayo yalikuwa na kambi zao. Nyakati zile nyumba ilikuwa na mwenyewe anayejulikana, na ofisi ambayo mtu angeiendea paa likivuja. Baadaye nyumba zile zikawa mali ya waliokuwamo, na haki yao ilikuwa hiyo. Lakini waliokuwamo wamezeeka, wengi wamefariki, na nyumba moja ya vyumba vinne sasa ina warithi saba. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 48, inahakikisha haki ya makao yanayofaa. Chama kama chetu kilipotafuta mahali pa kuweka vijana watano hakikupata mlango wa serikali wa kubisha. Tulipanga nyumba kama kila mtu, kwa kupelekwa na komisioneri (dalali) wa mtaani, na kwa kulipa garanti (amana) ya miezi mitatu mkononi.

Nyumba tuliyoipata ilikuwa moja ya zile za zamani: kuta nene, ua wenye mwembe, bomba la maji uani. Tuliipenda siku ya kwanza. Mkataba tuliandikiana na kifungua mimba wa marehemu mwenye nyumba. Alikuwa mtu mpole, akatuonyesha karatasi ya parseli (kiwanja) yenye jina la baba yake, nasi tukaridhika. Hatukuuliza kama kuna wengine.

Kijana

Alikuwa na miaka 16. Mama yake alifariki akiwa mdogo. Baba alikuwa mfanyakazi wa kampuni, kazi ikaisha, akauza nyumba, akaenda Kolwezi kutafuta maisha katika machimbo, na habari zake zikapungua mwaka hadi mwaka. Kijana alibaki kwa shangazi mwenye chumba kimoja na watoto wanne. Hakufukuzwa. Alianza tu kulala sokoni siku za kazi, akisukuma pusupusu (mikokoteni) za magunia ya makaa na mahindi, na kurudi kwa shangazi Jumapili na unga kidogo. Ninalisema hili kwa sababu kwenye karatasi ya polisi aliandikwa "shege (mtoto wa barabarani), hana familia". Familia ilikuwepo, kilichokosekana ni nafasi.

Watu wazima wawili walimpa kazi ya usiku: kuvuta kebo ya shaba kutoka kwenye mtaro waliokuwa wameufukua wao. Walimwahidi franga 10,000. Walikamatwa wote watatu wakiwa wanachoma mpira wa kebo ili wapate shaba. Avenyu nzima ilikaa gizani wiki tatu, na mama mmoja muuza samaki wa barafu akatupa mali yake yote.

Mambo yalivyofuatana

Kijana alikaa siku tisa katika kasho ya polisi, chumba kimoja na watu wazima, kabla ya kufikishwa kwa hakimu wa watoto. Sheria haikubali jambo hilo, na kila mtu mle ndani alijua kuwa haikubali. Shangazi ndiye aliyemtoa gizani. Alikwenda asubuhi tatu mfululizo na cheti cha ubatizo chenye tarehe ya kuzaliwa, mpaka mkuu wa zamu akachoka kumwambia arudi kesho.

Hakimu alimsikiliza kijana, akamsikiliza shangazi, kisha akatuita. Kwa muda, wakati uchunguzi unaendelea, kijana akawekwa kwetu. Tulikuwa na vijana wanne. Yeye akawa wa tano.

Miezi minne ya kwanza ilikwenda vizuri kuliko tulivyotazamia. Mama mlezi wa nyumba, mwanamke mjane ambaye vijana walimwita Mama tu, alikuwa na kanuni chache: kila mtu anafua nguo zake, kila mtu anajua kupika bukari (ugali), hakuna anayekula kabla wote hawajarudi. Kijana alipata nafasi katika karakana ya kuchomelea vyuma, mwendo wa dakika ishirini kwa mguu. Fundi wa pale alikuwa mtu wa maneno machache, akampa miwani ya zamani na kumwambia asiguse chochote kwa wiki mbili, aangalie tu. Kijana aliangalia. Wiki ya tatu akaanza kukata bomba za milango.

Kwa upande wa kosa, hakimu aliona kwamba jambo linaweza kwenda kwenye usuluhishi, njia ambayo sheria ya 2009 imeiweka. Kikao kilifanyika mbele ya kamati, wakiwepo watu wa avenyu na shefu wa avenyu. Wakaaji walikuwa tayari wamechanga fedha za kununua kebo mpya. Makubaliano yalikuwa kwamba kijana atachimba mtaro wake kwa mikono yake, Jumamosi tano. Mama wa samaki alimtazama kwa muda mrefu, kisha akamwambia: "Mwanangu, mimi sikupoteza umeme tu. Nilipoteza mtaji." Kijana hakuwa na la kujibu. Jumamosi ya pili mama yule yule alimletea sahani ya chakula mtaroni, akaiweka chini, akaenda zake bila kusema neno. Nimekaa katika kazi hii miaka mingi, na sijaona karipio la hakimu lililofanya kazi kama sahani ile.

Mwezi wa tatu wakaguzi walikuja, maofisa wawili kutoka ofisi ya serikali inayofuatilia mashirika ya watoto. Walikuwa watu wa heshima. Walihesabu vitanda na magodoro, wakatazama choo, wakauliza kama kuna sanduku la dawa, wakasoma daftari la majina, wakapiga mhuri. Walikaa saa moja na dakika kidogo. Waswahili wana methali isemayo kuwa nyumba njema si mlango, ukitaka kuijua ingia ndani. Hawa waliingia ndani kweli, hadi jikoni. Lakini ndani ya nyumba ya kupanga kuna chumba kimoja ambacho macho hayakioni, nacho ni mkataba. Hawakuuomba. Fomu yao haikuwa na mstari wa kuuomba. Nasi hatukuwaonyesha, kwa kuwa hatukuona kama una shida.

Mwezi wa tano alifika mwanamke kutoka Likasi, na mumewe, na barua. Alikuwa binti wa marehemu kwa mama mwingine. Baba yake alimtambua akiwa hai, kwa karatasi. Sheria ya familia ya mwaka 1987 inamweka mtoto wa namna hiyo katika kundi la kwanza la warithi, bega kwa bega na wale waliozaliwa ndani ya ndoa. Kaka zake walikuwa wamekula kodi miaka mingi bila kumpa kitu. Alitaka nyumba iuzwe na mali igawanywe, na alitupa siku kumi tuwe tumetoka. Sitamwandika kama adui. Alikuwa na haki yake, ila hakuwa na haki ya siku kumi: sheria ya mwaka 2015 juu ya nyumba za kupanga inataka mpangaji apewe taarifa ya miezi, si ya siku, na ugomvi upitie kwanza ofisi ya Habitat, ile ya serikali inayosimamia upangaji, kwa mapatano kabla ya kwenda tribinali ya amani. Sisi hilo tulilijua vibaya, kama watu wengi wanavyolijua: tulilisikia, hatukulisoma.

Usiku wa nane vijana wawili wa ukoo wa mume walikuja kukaa uani. Hawakupiga mtu. Walikaa tu, wakavuta sigara, wakacheka. Vijana wetu hawakulala. Kesho yake jioni tuliwahamisha, watatu kwa parseli ya mwanachama mmoja wa chama, wawili kwa parseli nyingine mbali, upande wa pili wa mji. Kijana wetu alikuwa katika wale wawili.

Kutoka kule hadi karakana ilikuwa zaidi ya kilomita tisa. Tulimpa nauli wiki ya kwanza. Wiki ya pili nauli ikakosekana siku mbili, akatembea, akafika saa nne. Fundi alikuwa na mlango wa mteja wa kumaliza, akamchukua kijana mwingine wa kumshikia vyuma. Kijana aliporudi jioni hakusema kitu. Siku ya kumi na moja tangu kuhama, kitanda chake kilikuwa kitupu.

Wiki hiyo hiyo asista sosyali aliyepewa faili lake alikwenda kumtembelea kwenye anwani ya zamani. Alikuta geti limefungwa kwa kufuli jipya. Jirani akamwambia wameondoka usiku. Asista akaandika alichokiona na alichokiamini: kijana ametoroka mahali alipowekwa. Ripoti ikafika kwa hakimu, hakimu akatoa amri atafutwe, na polisi wakamkuta palepale sokoni, juu ya pusupusu ile ile. Kilichozungumzwa sasa kilikuwa kumpeleka kwenye ulinzi mkali zaidi, na ulinzi huo ungekuwa mahali gani, kila mtu katika mji huu anajua jinsi jibu lake linavyotisha.

Tuliamua nini, na kwa nini

Uamuzi ulioharibu mambo ulikuwa ule wa kukaa kimya, kabla hata ya kuhama. Barua ya binti wa marehemu ilipofika, tulifanya kikao cha watu wanne jikoni. Mmoja wetu alisema tumwandikie hakimu siku hiyo hiyo. Wengine watatu, nami nikiwa mmojawapo, tulikataa. Sababu yetu ilikuwa hofu yenye upendo ndani yake: hakimu akisikia kuwa nyumba inatikisika, atawatoa vijana, na kwa kuwa hana mahali pa kuwapeleka, watarudi kwenye vyumba vya kufungia. Tukasema tutafute nyumba kwanza, tutamwambia baadaye tukiwa na habari njema.

Ukiangalia kwa macho ya siku ile, hofu yetu haikuwa ya kijinga. Kila mmoja wetu alikuwa ameona mtoto anarudishwa ndani kwa sababu shirika limekosa chakula. Lakini tulichukua uamuzi ambao haukuwa wetu. Mtoto hakuwa wa chama. Alikuwa chini ya amri ya hakimu, na amri ile ilisema yuko mahali fulani. Tulipomhamisha bila kusema, tulimfanya mtoro kabla yeye mwenyewe hajatoka mlangoni.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa kutokwenda ofisi ya Habitat ya komini. Tulidhani mapatano yatachukua wiki nyingi, na vijana wa ukoo wako uani. Leo naona kwamba barua moja iliyopigwa mhuri wa Habitat, hata kabla ya kikao chochote, ingemfanya yule mume afikiri mara mbili kabla ya kutuma watu usiku. Tena kulikuwa na aibu iliyotuzuia: mkataba wetu haukuwa na visa (uthibitisho) ya Habitat. Tuliogopa kuulizwa mkataba wenyewe.

Uamuzi wa tatu, kuwagawa vijana sehemu mbili, ulifuata nafasi iliyopo na si maisha yao. Tuliuliza parseli ipi ina chumba. Hatukuuliza nani anafanya kazi wapi.

Daftari la Mama

Mlango ulifunguliwa na mtu ambaye hakuwa katika kikao chetu. Mama mlezi alikuwa na daftari la shule la kurasa mia, la mraba. Tangu siku ya kwanza aliandika kila jioni, mstari mmoja kwa kila mtoto: aliamka saa ngapi, alikula, aliugua, alirudi saa ngapi, alisema nini. Hakuna aliyemwagiza. Alisema aliandika kwa sababu watoto wa watu wakikupotea utaulizwa, na kichwa kinasahau.

Aliposikia kijana amekamatwa, alifunga kitenge, akapanda basi, akaenda kukaa mbele ya ofisi ya karani wa tribinali kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa tisa. Alimwambia karani kuwa hana mwanasheria wala ombi la kuandika, ana daftari. Hakimu alimpokea. Katika daftari ile kulikuwa na siku 152 za kijana. Ilionyesha Jumamosi tano za mtaro, na siku alizorudi kutoka karakana na mkono umeungua, na usiku wa watu kukaa uani. Ilionyesha pia siku ya kuhama, na baada ya hapo ukurasa mweupe, kwa kuwa Mama alikwenda na wale watatu na sio na wale wawili.

Hakimu alituita, akatusema kama tulivyostahili. Kisha akaangalia upya hatua aliyoichukua. Aliuliza kijana angependa kuwa wapi. Akajibu: karibu na kazi. Fundi akaitwa, akaja na mkewe, wamevaa nguo za kanisani siku ya Jumanne. Waliulizwa kama wanaweza kumpokea. Mke akajibu kabla ya mume: "Kama anakula, tutakula naye." Asista sosyali yule yule aliyeandika ripoti ya kutoroka alifanya uchunguzi wa nyumba yao, na kijana akawekwa kwao, akifuatiliwa kila wiki mbili.

Matokeo

Kijana alikaa kwa fundi hadi alipotimiza miaka 18, hatua ya hakimu ikafika mwisho wake. Hakurudi mbele ya tribinali. Anachomelea, na mageti mawili ya avenyu ile ya kebo ni kazi ya mikono yake. Baba yake alipiga simu mara moja kutoka Kolwezi. Shangazi anamwona kila Jumapili, na unga bado unafika.

Kati ya wale wengine wanne, wawili walirudi katika familia zao kwa mpangilio mzuri, mmoja aliwekwa katika shirika lingine. Wa nne, yule aliyehamishwa pamoja na kijana wetu, aliondoka wiki moja baada yake. Hatukumpata.

Nyumba tuliifunga. Garanti hatukurudishiwa, na kesi ya warithi iliendelea bila sisi.

Uchambuzi

Wenzangu wengi wakisikia kisa hiki wanasema tatizo ni fedha. Fedha zilikosekana, kweli: nauli ya siku mbili ilimgharimu kijana nafasi yake. Lakini nimekaa na kisa hiki muda mrefu, na naona kwamba hata tungekuwa na fedha mara mbili tungeanguka palepale. Mtoto alikuwa na faili katika tribinali na faili lingine kwa asista sosyali. Shirika lilikuwa na faili katika ofisi ya kibali. Nyumba haikuwa na faili popote, isipokuwa karatasi mbili katika sanduku letu zenye sahihi ya mrithi mmoja. Ofisi ya kijamii husimamia malezi, ofisi ya Habitat husimamia upangaji, tribinali husimamia amri. Kila moja ilifanya sehemu yake kwa kiasi chake. Hakuna iliyokuwa na kazi ya kuuliza: huyu mtoto aliyewekwa na serikali, serikali ina uhakika gani kwamba kitanda chake kitakuwepo mwezi ujao?

Serikali inapomwondoa mtoto kwa mzazi au barabarani na kumwambia lala hapa, inakuwa imechukua nafasi ya mzazi. Mzazi anajua kodi imelipwa mpaka lini. Anajua mwenye nyumba ni mtu wa namna gani. Usimamizi unaohesabu magodoro na kuacha mkataba unafanana na mzazi anayejua mtoto amevaa nini lakini hajui analala kwa nani.

Dawa yake haihitaji sheria mpya. Siku ya kuomba kibali, na tena siku ya kila ukaguzi, shirika litoe mkataba wenye visa ya Habitat. Nyumba ikiwa ya urithi, mkataba uwe na sahihi ya likidateri (msimamizi wa urithi) aliyekubaliwa na warithi wote, si ya yule tu aliyetangulia kushika ufunguo. Hapo mtumishi wa Habitat angetuuliza swali ambalo hatukujiuliza, na binti wa marehemu angejulikana mapema, akiwa mshirika wa mkataba badala ya mgeni wa usiku. Nakala ibaki katika faili la mtoto kwa hakimu. Hapo ndipo faili mbili zinakutana.

La pili ni neno "kutoroka". Asista hakudanganya. Aliandika geti lililofungwa. Lakini kati ya geti lililofungwa na mtoto aliyetoroka kuna maswali matatu au manne ambayo hakuna aliyeyauliza: shirika liko wapi, mwenye nyumba anasema nini, kijana anafanya kazi wapi. Fundi alikuwa dakika ishirini kutoka kwenye lile geti. Neno hilo likishaingia kwenye faili, kila ofisi inayofuata inamsoma mtoto kupitia kwalo. Mimi ningependa lisiandikwe kabla mtu hajafika mahali mtoto anaposhinda mchana, siyo tu anapolala usiku.

Yaliyofanya kazi nayo yana somo. Usuluhishi ulifaulu kwa sababu ulikuwa na jembe, mtaro na watu walioumizwa, wala haukuishia kwenye karatasi ya kuomba msamaha. Kanuni za Beijing, zilizokubaliwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1985, zinataka vijana wapate nyumba za mpito na mahali pa kujifunza kazi mchana, na Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1990, kifungu chake cha 25, unampa mtoto aliyewekwa mahali haki ya kuangaliwa upya mara kwa mara. Kwetu kuangaliwa upya kulitokea kwa sababu ya daftari la mjane. Kilikuwa chombo bora cha usimamizi kuliko fomu zote zilizopita mlangoni mwetu, kwa kuwa kiliandikwa kila siku na mtu aliyekuwepo. Sasa tunamwomba kila mama mlezi aandike hivyo, na tunamlipa muda wake wa kuandika. Zamani hatukumlipa.

Na kuhusu kukaa kimya: nimejiuliza hakimu angefanya nini tungemwambia siku ya kwanza. Nilimwuliza mwenyewe, baadaye sana. Alisema angempeleka kijana kwa fundi miezi miwili mapema zaidi.

Yaliyobaki

Siku kijana alipotimiza miaka 18 faili lake lilifungwa, na hivyo ndivyo sheria inavyotaka. Kitanda chake kwa fundi kimebaki kwa sababu mke wa fundi amekataa kisikike neno la kuondoka. Mwingine ambaye hana mtu wa kukataa hivyo, asubuhi ile anatoka na mfuko wake, na hatujapata ofisi ambayo kazi yake ni kumwuliza anakwenda wapi. Tumeandika barua kwa wahusika wa mkoa tukiomba wakae meza moja, wa kijamii, wa Habitat na wa tribinali. Jibu halijafika.

Mama mlezi anaendelea kupita sokoni kila Ijumaa. Katika daftari lake, jina la yule wa nne bado linapata mstari wake kila jioni, pamoja na tarehe.